AKIUMIA KICHWA, JE, NI LAZIMA APIGWE PICHA YA UBONGO?

Vijijini kwetu watu huumia kichwa kila mara. Mmoja huanguka juu ya mwembe. Mwingine hugongwa na pikipiki. Mwingine hupigwa fimbo kilabuni. Hapo ndugu zake hukaa na kuulizana: "Tumpeleke mjini akapigwe picha ya ubongo, au tusubiri?"

Swali hilo si dogo. Kwenda mjini ni gharama: kuna nauli, malipo ya kipimo na chakula cha wanaomsindikiza. Pengine mbuzi watauzwa. Lakini kuchelewa nako kunaweza kuua. Basi tuone waganga huamua namna gani.

Picha hiyo ni nini?

Kichwa ni kama yai. Ganda ni fuvu, na ndani yake mna ubongo, ambao ni laini. Yai likigongwa, ganda linaweza kubaki zima, lakini ndani pakawa pameharibika. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa tu. Ubongo na damu iliyovuja ndani haivionyeshi.

Mwingereza mmoja, Godfrey Hounsfield, alitengeneza mashine ya kuonyesha ndani ya fuvu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971. Siku hizi watu huiita siti skani. Mashine hupitisha mionzi kuzunguka kichwa chote, kisha kompyuta hupanga picha kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Damu iliyotoka kuvuja huonekana nyeupe. Kazi hii huchukua dakika chache tu, na mgonjwa hasikii maumivu.

Kwa nini basi wasipigwe wote?

Kwanza, wengi walioumia kidogo hawana kitu ndani ya fuvu. Pili, mionzi ile huongeza kidogo hatari ya saratani, hasa kwa watoto. Tatu, mashine ni chache na ni ghali. Tena tukumbuke kwamba picha haitibu. Inamwonyesha daktari tatizo liko wapi, basi.

Waganga huamuaje?

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo kisichohitaji mashine yo yote. Mganga hutazama mambo matatu: Je, mgonjwa anafungua macho? Anajibu vizuri? Anatikisa viungo akiambiwa? Kisha anampa alama, kuanzia 3 mpaka 15. Mzima hupata 15. Mwenye alama 8 au chini yake ana hali mbaya sana, na huyo hakuna haja ya kujadiliana. Apelekwe upesi.

Kazi ngumu ni kwa yule aliyezimia kidogo au aliyechanganyikiwa, kisha akazinduka. Mwaka 2001 madaktari wa Kanada walitoa mwongozo kwa watu wazima wa namna hiyo. Mgonjwa anahitaji picha akiwa na hata moja ya dalili hizi:

1. Saa mbili zimepita na akili zake bado hazijarudi sawasawa.
2. Fuvu linaonekana limevunjika au limebonyea.
3. Damu au maji yanatoka sikioni au puani, au macho yote mawili yamezungukwa na weusi.
4. Ametapika mara mbili au zaidi.
5. Ana umri wa miaka 65 au zaidi.
6. Amesahau mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya kuumia.
7. Aliumia kwa namna ya hatari: aligongwa na gari akitembea, alirushwa nje ya gari, au alianguka kutoka juu zaidi ya mita moja.

Watoto wana mwongozo wao. Na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie mganga mapema, kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi.

Zahanati yetu haina mashine. Lakini dalili hizi mganga anaweza kuzitazama hapo hapo, akajua nani apelekwe hospitali kubwa leo, na nani aangaliwe kwanza.

Jihadharini na mambo mawili

La kwanza ni kusema, "Amelewa tu, mwacheni alale." Pombe na damu iliyovuja kichwani hufanana: mtu hupepesuka, huropoka, husinzia. Mlevi aliyeumia kichwa ni mgonjwa. Apelekwe kwa mganga.

La pili ni mtu kuzinduka, akaongea, pengine akala na ugali wake. Baada ya saa kadhaa anaanza kusinzia. Huenda damu inavuja pole pole kati ya fuvu na ubongo. Akiwahi kupasuliwa, anaweza kupona kabisa. Akichelewa, anakufa.

Kwa hiyo mganga akimruhusu mgonjwa arudi nyumbani, asiachwe peke yake siku nzima na usiku wake. Muamsheni usiku, muulizeni jina lake na mahali alipo. Asinywe pombe. Mkimwona anatapika tena na tena, haamki vizuri, anapata degedege, mkono au mguu umelegea, au kichwa kinazidi kumuuma, msingoje kuche. Mrudisheni.

Na wewe upandaye pikipiki, vaa kofia ngumu. Ni rahisi kuliko picha ya ubongo.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini eksirei ya kawaida haitoshi?
2. Mtu ameanguka mnazi, amezimia kidogo, sasa anaongea vizuri. Je, anahitaji picha? Kwa nini?
3. Katika kijiji chenu, mgonjwa akizidiwa usiku, mtamfikishaje hospitali? Panga na wenzako leo.