Bibi Anapotafuta Jina Lako

Wajukuu zangu, sogeeni. Nani kati yenu Bibi hajamwita kwanza kwa jina la kaka yake, kisha la binamu, kisha la shangazi, ndipo akafika kwenye jina lake? Mnacheka! Hebu niwaeleze kazi inayofanyika kichwani mwake wakati ule.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari usiku na mchana. Umri ukisogea, ubongo husinyaa kidogo kidogo na habari husafiri taratibu. Jina lako limo. Njia ya kulifikia ndiyo imeota majani.

Lakini ubongo haukai ukingoja. Una pande mbili, kulia na kushoto. Mwaka 2002 mtafiti Roberto Cabeza alionyesha kwa picha za ubongo kwamba vijana wakikumbuka jambo hutumia zaidi upande mmoja wa sehemu iliyo nyuma ya paji la uso. Wazee waliokumbuka vizuri walitumia pande zote mbili! Upande wa pili uliitwa kazini.

Kuna pia ugonjwa wa kusahau, nao ni kitu kingine. Bibi akipotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita miaka yote, waambieni wakubwa wampeleke hospitali, na msikubali mtu aseme karogwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwakuta na ugonjwa huo watu kama 6 tu katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Sasa tuone mwili unavyousaidia ubongo: twendeni Mkalama, huku huku kwetu Singida, upande wa Munguli, wanakoishi Wahadzabe. Bibi wa Kihadzabe hutoka na kijiti kilichochongwa ncha. Husimama mahali ambapo wewe ungeona majani makavu tu, akagonga ardhi, akasikiliza, kisha akachimba kiazi pori. Miguu inatembea, kichwa kinakumbuka, vyote kwa pamoja. Watafiti waliowapima Wahadzabe mapigo ya moyo walikuta wanafanya shughuli za kuhemesha zaidi ya saa mbili kwa siku, na wazee hawakuachwa nyuma. Mmoja wa watafiti hao, David Raichlen, anaamini ubongo wa binadamu uliumbika kwa maisha ya namna hiyo, ndiyo maana mwili ukitulia mno ubongo nao hupungua.

Na kutembea kunasaidia kweli. Huko Marekani wazee walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Matokeo yalitolewa 2011: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imekua kwa asilimia 2 hivi. Kwa wazee!

Kwa hiyo Jumamosi, Bibi akisema anakwenda kutazama alizeti zake, chukua jembe ufuatane naye, na njiani mwulize kila mti unaitwaje kwa Kinyaturu.