Jani la Pamba ya Bariadi na Mche wa Mkarafuu

Ndugu wanachama,

Watu husema kuwa mti hauna miguu, kwa hiyo hauna mwendo. Usemi huo ni kweli nusu tu. Huko bara, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Bariadi, zao kubwa la biashara ni pamba. Na shamba la pamba lina mwendo mwingi kwa mwenye kutazama.

Asubuhi majani ya mpamba huelekea mashariki kulipokea jua. Jua likipanda, nayo hugeuka pamoja nalo, hata jioni yakawa yameelekea magharibi. Usiku hurudi polepole, na kabla hakujapambazuka yamekwisha kuelekea mashariki tena. Faida yake ni kupata mwanga mwingi wakati jua liko chini.

Nguvu ya mwendo huo ni maji. Mahali kikonyo kinapoungana na jani pana kifundo. Chembe za upande mmoja zikijaa maji huvimba, na za upande wa pili zikipungukiwa hunywea. Hapo jani hupinda. Kifauongo cha njiani kwetu hutumia hila hiyo hiyo, ila kwa upesi mno. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliweka mmea wa namna hiyo gizani, akaona unafungua na kufunga majani yake kwa saa zake, kana kwamba unaliona jua. Na mwaka 2022 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa kukunja majani huukinga na panzi: mimea iliyozuiwa kujikunja ililiwa zaidi. Mwenyezi Mungu hakuacha kiumbe bila ya hila yake.

Lakini mkulima wa Bariadi huona na mwendo wa pili. Mchana wa jua kali jani la mpamba hulegea na kuning'inia. Hapo halikujigeuza, bali limeishiwa, kwa kuwa linapoteza maji mengi kuliko yanayoletwa na mizizi. Likisimama tena jua likichwa, hapana hofu. Likiamka asubuhi lingali limelegea, basi ardhi imekauka au mizizi ina maradhi.

Hapo ndipo penye faida yetu. Jani la mkarafuu ni gumu, wala hatulioni likilifuata jua. Lakini mche wake kitaluni hulegea vile vile, na wengi wetu hukimbilia ndoo tuuonapo umelegea saa saba mchana. Tunawaomba wenye vitalu wafanye hivi:

Kagueni miche alfajiri, si mchana. Msihadaike na majani machanga mekundu, kwani hayo huning'inia kwa maumbile yake. Tazameni majani yaliyokomaa.

Yakiwa yamelegea alfajiri, tieni kidole katika udongo. Ukiwa mkavu, mwagilieni. Ukiwa maji maji, acheni, kwani mizizi inaoza na maji zaidi yatauua mche.

Makuti ya kivuli yaondoeni kidogo kidogo, si siku moja.

Mkarafuu huchukua kama miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Mche unaokufa kitaluni kwa maji yasiyohitajika hutupotezea muda ambao hakuna bei ya karafuu iwezayo kuurudisha.

Wassalaam,
Katibu