Miunganiko ya Jeni katika Utambuzi wa Uvimbe Adimu wa Faibroblasti za Ngozi

Uvimbe utokanao na faibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni, huwatatiza wanapatholojia kwa sababu aina zake hufanana sana chini ya hadubini. Hata hivyo, matibabu ya aina hizo hutofautiana mno. Kosa la utambuzi laweza kumfanya mgonjwa mmoja afanyiwe upasuaji mkubwa pasipo haja, na mwingine aachiwe saratani itakayorudi. Sehemu hii inafafanua namna miunganiko ya jeni inavyopunguza utata huo, na mipaka ya ushahidi wake.

Mfano ulio wazi ni dermatofibrosakoma protuberansi, saratani ya ngozi inayokua polepole na kupenya tishu za jirani. Kwa wagonjwa walio wengi, vipande vya kromosomu ya 17 na ya 22 huungana, na jeni ya COL1A1 ikashikamana na PDGFB. Kwa kuwa COL1A1 hufanya kazi kwa nguvu katika faibroblasti, muunganiko huo husababisha protini ya PDGFB kuzalishwa kupita kiasi, nayo huichochea seli ileile iliyoizalisha iendelee kugawanyika. Dawa ya imatinibu huzuia kipokezi cha protini hiyo. Ndiyo maana muunganiko huu huongoza matibabu pale upasuaji usipowezekana.

Kinyume chake ni fasaitisi ya vinundu. Uvimbe huu hukua kwa kasi katika majuma machache, na seli zake hugawanyika kwa wingi hata ukadhaniwa kuwa saratani, ilhali aghalabu hunywea wenyewe. Mwaka 2011 ilibainika kwamba jeni za MYH9 na USP6 huungana ndani yake. Muunganiko, basi, si ithibati ya saratani. Maana yake hutegemea jeni zilizoungana.

Vilevile, kutoonekana kwa muunganiko hakutoshi kuikana saratani. Baadhi ya dermatofibrosakoma huhusisha PDGFD badala ya PDGFB, hivyo kipimo kinachochunguza PDGFB pekee hutoa jibu hasi. Katika hali hiyo, usomaji wa mfuatano wa RNA unaweza kuufichua muunganiko uliojificha.

Kwa hiyo, matokeo ya jeni hayana budi kusomwa pamoja na historia ya mgonjwa, umbile la seli na vipimo vya protini kama CD34.