Maji ya Kifuani Hayapimwi Peke Yake

Baina ya pafu na ukuta wa kifua zipo tando mbili laini, na kati yake, hata kwa mtu mwenye siha kamili, hapakosi maji machache, mililita 10 au 20 tu, yanayolainisha mwendo wa pafu kila mtu avutapo pumzi. Yakizidi hata kufikia lita nzima, mgonjwa hutweta, na watu husema ana maji kwenye mapafu, ilhali maji yenyewe yako nje ya pafu na yanalisonga.

Ili kuyachota maji hayo, tabibu humketisha mgonjwa akiinamia meza, akamtia ganzi mgongoni, kisha akapitisha sindano juu kidogo ya ubavu, kwani mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini yake. Usaha mzito ukitoka hauna mjadala, hutakiwa bomba la kuutoa mara moja. Lakini aghalabu hutoka maji ya manjano, na hapo jicho halina hukumu.

Mwaka 1972, Richard Light na wenzake wa Marekani walibainisha kwamba maji hayo yalinganishwe na damu ya mgonjwa yule yule: protini ya maji ikizidi nusu ya protini ya damu, au kimeng'enya kiitwacho LDH kikizidi sehemu 6 katika 10 za kile cha damu, au kikivuka theluthi mbili za ukomo wa kawaida wa damu, basi utando wenyewe una maradhi, kama vile uambukizo au saratani; lisipotimia sharti hata moja, sababu hutafutwa kwingineko, hasa kwenye moyo uliodhoofu, ini au figo. Ndiyo maana husikitika nionapo chupa ya maji imeletwa maabara pasipo damu, kwa kuwa mgonjwa amekwisha kuvumilia sindano, na nusu ya faida yake imepotea.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kifua kikuu ni miongoni mwa sababu kubwa za maji haya, nacho ndicho kinachopotoa fikra za wengi. Vimelea vyake ndani ya maji huwa haba mno, kwani sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na mwili wenyewe ukipambana navyo. Kwa hiyo darubini huviona kwa wagonjwa wasiofika hata 10 katika 100, na kipimo cha GeneXpert nacho huwakosa wengi. Jibu la kwamba vimelea havikuonekana, basi, halimtoi mgonjwa katika shaka hata kidogo. Tabibu hutazama iwapo chembe nyeupe za aina ya limfositi ndizo zilizotamalaki, na iwapo kimeng'enya kiitwacho ADA kimevuka uniti 40 kwa lita. Yakikutana hayo mawili, na dalili zikaafikiana, dawa zaweza kuanzwa pasipo kungoja wiki kadhaa za kuotesha vimelea. ADA hupanda pia kwa usaha na kwa saratani ya limfu, kwa hiyo isisomwe pekee. Na saratani ikishukiwa, chembe zake zisionekane katika maji ya kwanza, yatolewe mengine, na yakinyamaza hayo pia, ikatwe sehemu ndogo ya utando wenyewe ikachunguzwe.