Nguvu ya karieri haiko nguvu ya mupira

Siku ya yenga hapa Mutshatsha, kiisha misa na maombi, vijana wanatoka kila avenue na viatu vya mupira mukononi. Kuko wafanyakazi wa mugodi, kuko wachimbaji wa mukono, kuko wanafunzi na mafundi wa baskeli. Wazee wanasimama kando ya kiwanja na kuuliza neno moja kila mara: "Huyu kijana iko na nguvu, anabeba mufuko wa kilo 50 tangu asubuhi mupaka mangaribi. Juu ya nini kiisha dakika 20 tu anashika kiuno?"

Ndugu wafanyakazi, jibu ni hili: mwili unajifunza paka kile unaufundisha.

Kubeba mufuko ni kazi ya polepole. Mugongo unakaza, hatua ni fupi, njia ni ileile. Dereva wa benne naye anakaa masaa mengi, kiuno kimekunjwa, mashini inamutikisa. Misuli ya mbele ya kiuno inakazana. Mupira unaomba kitu kingine: kukimbia ghafla, kusimama ghafla, kugeuka juu ya muguu mumoja, kuruka na kushuka. Muchezaji wa daraja la juu anafanya karibu kilomita 10 mu dakika 90, na kila wakati anabadilisha mwendo. Misuli ya karieri haijazoea ile. Ndiyo maana goti na nyuma ya paja vinaumia kwanza, hata kwa mutu mwenye nguvu.

Tumukumbuke Robert Kidiaba, mutoto wa Lubumbashi. Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la vilabu. Mu finali Inter Milan ilitupiga 3-0, lakini dunia ilibakia na picha ya Kidiaba akiruka-ruka juu ya matako, miguu mbele. Watu walicheka. Basi jaribu wewe mu lupango yako, mita tano tu. Utaona kama ile ni tumbo, kiuno na mapaja kufanya kazi saa moja. Ni nguvu ileile inamusaidia golikipa kujitupa pembeni na kusimama tena mbio. Mwaka 2015, wakati Léopards walipata nafasi ya tatu mu Kombe la Afrika, Kidiaba alikuwa na miaka 39 na bado ni golikipa wa taifa. Mwili haufiki pale kwa bahati. Unatunzwa.

Sasa, ufundi wenyewe unaingia namna gani? Mutu akianza kujifunza kupiga mupira na muguu wa kushoto, anafikiri kila kitu: muguu wa kusimama uko wapi, kichwa kiko wapi. Akirudilia mara mingi, ubongo na mishipa yake vinazoea njia, na muguu unafanya bila kungojea akili iseme. Ni kama dereva wa zamani: haangalie tena vitesi. Lakini kurudilia kuko na sheria yake. Nusu saa kila siku inafundisha kuliko masaa matatu siku moja ya yenga. Na mutoto anayecheza na mupira wa masashi, miguu wazi, mu udongo yenye mabonde, anajifunza kushika mupira unaoruka vibaya. Tusimudharau. Wala tusiwafungie mabinti wetu: mu Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walishinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika.

Kuko dawa moja isiyoomba feza. FIFA iko na mazoezi ya kupasha mwili moto, yanaitwa FIFA 11+. Ni dakika 20: kwanza kukimbia polepole na kufungua viuno, kiisha kujiinua juu ya viwiko, kusimama na muguu mumoja, kuinama na kuinuka magoti yakiwa sawa na vidole, kupiga magoti na kuinama mbele polepole mwenzako akikushika visigino, mwisho kukimbia kwa nguvu na kugeuka. Kule Norwe waliyapima kwa wasichana wanaocheza mupira, na kuumia kukapungua karibu theluthi moja. Haiombe kiwanja cha majani wala mashini.

Lakini hata mazoezi mazuri hayafanye kitu bila usingizi. Misuli haikue wakati unainyanyua. Inakua wakati unapumuzika. Ubongo vilevile: kile muguu ulijifunza mangaribi, usingizi wa usiku ndio unakitia nguvu. Kijana anayetoka posti ya usiku saa kumi na mbili na kuingia kiwanjani saa tatu anacheza na macho mazito. Muguu unachelewa kidogo tu, na goti linalipa. Siku ya kwanza, mukubwa wa kazi hataulize goti liliumia wapi. Ataandika paka kama haukufika. Na pale nyumbani, posho ndiyo inapunguka.

Hapa ndipo mupira unakuwa neno la sendika. Code du Travail ya 2002 inaweka masaa 45 kwa juma. Masaa yanayopita pale hayaibe feza tu. Yanaiba usingizi, na usingizi ni sehemu ya mwili wetu. Wajumbe wetu, wakati wa kuzungumuza mukataba na kampani, waweke siku za pumuziko na kiwanja cha michezo juu ya meza pamoja na mushahara. Wakubwa wa timu wasipange mechi asubuhi kwa wale wanaotoka posti ya usiku. Na mama nyumbani, baba akirudi asubuhi na jua linachoma mabati, fungeni pazia, watoto wachezee mbali kidogo.

Kijana wa Mutshatsha haikosi nguvu. Anakosa dakika 20 mbele ya mechi na masaa ya kulala kiisha kazi. Zile dakika 20 tunaweza kujipa wenyewe, siku ya yenga hii. Masaa ya kulala, tutayaomba pamoja.