Kabla hujanunua AC, ikague nyumba yako kwanza

Mkaaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa joto la kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haupoi vya kutosha. Unyevu wa bahari hufanya jasho lisikauke mwilini. Feni huzunguka usiku kucha, lakini inarudisha hewa ile ile ya moto.

Kaskazi iliyopita mamangu, ambaye amepita miaka sabini na ana presha, alianza kulala sakafuni karibu na mlango. Sisi wanawe tukachanga. Tukanunua AC ya BTU 9,000 kwa Sh42,000, na fundi akaifunga kwa Sh5,000 siku hiyo hiyo. Usiku wa tatu mamangu aliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa imeyeyuka. Fundi aliichomeka AC kwenye laini moja na friji, katika nyumba ya Kibokoni ambayo nyaya zake ni kuukuu kuliko mimi. Alhamdulillahi, aliwahi kuzima meni swichi.

Tulirudia kazi yote kwa fundi mwingine, na hapo ndipo nilipojifunza haya ninayokueleza.

Ukubwa wa AC

BTU ni kipimo cha joto ambalo mashine inaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12 hutoshwa na BTU 9,000. Cha futi 14 kwa 14 kinahitaji 12,000. Sebule kubwa huenda ikataka 18,000 au 24,000. Ikiwa paa lako ni la mabati bila siling'i, au ukuta unapigwa na jua la alasiri, panda daraja moja.

Lakini usinunue kubwa kupita kiasi ukidhani ndiyo bora. AC kubwa katika chumba kidogo hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu. Utabaki na baridi ya majimaji, shuka zikinata. Hapa kwetu kazi ya kukausha hewa ni kubwa sawa na ile ya kupoza.

Umeme wa nyumba

AC yataka laini yake peke yake kutoka kwenye sanduku la breka. Kompresa inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi kwa nukta chache, na soketi iliyolegea haistahimili hilo kila usiku. Kwa BTU 9,000 au 12,000, fundi wetu wa pili alitumia waya wa 2.5, breka yake, swichi ya kuzimia karibu na mashine, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Mashine kubwa zaidi huhitaji waya mnene zaidi. Pia aliweka kifaa cha kulinda AC dhidi ya stima inayopanda na kushuka, kwa sababu stima ikirudi ghafla baada ya kupotea ndipo kompresa nyingi hufa.

Muulize fundi wa umeme leseni yake ya EPRA. Si tusi kumuuliza. Aliye nayo ataitoa.

Mashine ya nje

Hapa pana mambo manne. La kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari hula mapezi ya mashine ya nje. Tafuta iliyopakwa kinga ya kutu, isiweke uso kwa uso na bahari, na uioshe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Uioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Visima vyetu vingi ni vya maji ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo unaongeza maradhi.

La pili ni ukuta. Kuta za zamani za matumbawe na chokaa ni nene lakini hubomoka zikitobolewa ovyo. Mashine ile ni nzito. Ikianguka kichochoroni itaua mtu. Sisi tuliiweka juu ya sakafu ya dari, ikabidi kuongeza mabomba ya shaba.

La tatu ni sheria. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na sura ya nyumba haibadilishwi kiholela. Kabla hujatoboa ukuta wa mbele, pita kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na makubaliano ya nani ataichukua AC ukihama.

La nne ni jirani. AC haiui joto, inalihamisha. Usilipeleke kwenye dirisha la mwenzio. Na maji yanayotoka, ambayo wakati wa kaskazi hujaza ndoo, yatiririshe kwa mpira wenye mteremko hadi penye mfereji, yasiwadondokee wapita njia waendao msikitini.

Dirisha

Hili wengi hulisahau. Madirisha ya luva na ya vibao vya mbao yalitengenezwa kupitisha hewa, na baridi uliyoinunua itapita hapo hapo. Tuliweka kioo cha kuteleza upande wa ndani, na dirisha la mbao likabaki kwa nje kama lilivyokuwa.

Gharama

Kazi ya pili ilikuwa hivi: laini mpya ya umeme Sh9,500, kifaa cha kulinda Sh2,500, mabomba ya ziada Sh6,000, kufungua, kufunga upya na gesi Sh8,000, kioo cha dirisha Sh11,000. Jumla Sh37,000. Ukiongeza zile za mwanzo, AC ya Sh42,000 ilitugharimu Sh84,000, mara mbili kamili. Bei hutofautiana kwa duka na fundi, lakini angalia: karibu fedha zote hizo tungezilipa vyovyote. Gharama halisi haikuwa kwenye kibandiko cha dukani.

Muulize fundi pia kama ana pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Asiye nayo huacha unyevu ndani, na miezi michache baadaye utamwita tena.

Tokeni

Chukua ujumbe wako wa tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Kwetu ilikuwa karibu Sh28 kwa uniti. AC yetu ya kawaida ilikula uniti 5 kwa usiku wa saa nane: Sh140, yaani Sh4,200 kwa mwezi. Shangazi ana ya inveta ya ukubwa huo huo, nayo hula kama uniti 3, Sh2,520 kwa mwezi. Aliinunua kwa Sh15,000 zaidi. Kwa miezi minne ya kaskazi ameokoa Sh6,720 kwa mwaka, kwa hivyo kaskazi ya tatu atakuwa amerudisha pesa zake. Ningejua, ningenunua hiyo.

Kumbuka pia kwamba tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina madaraja: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Uniti 5 kila usiku ni 150 kwa mwezi. AC peke yake itakupandisha daraja la juu, na kila uniti ya nyumba, hata ya taa, itapanda bei.

Kwa hivyo tumia kwa akili. Weka nyuzi 25 au 26 na feni ikizunguka polepole; usingizi utakuja. Safisha kichujio kila baada ya wiki mbili.

Mamangu sasa analala kitandani mwake. Huiwasha saa tatu usiku na kuizima akiamka alfajiri kuswali. Na kusi ikianza kuvuma, huizima kabisa na kufungua madirisha. Upepo ule, husema, haununuliwi tokeni.