Mguu Usiouma: Kisukari, Ganzi na Vidonda vya Nyayo

Mtu akikanyaga mwiba hushtuka, huinua mguu, huketi na kuutoa. Maumivu ndiyo yanayomwamuru kufanya hivyo. Katika kliniki za kisukari huonekana jambo lililo kinyume kabisa: mgonjwa huingia akitembea vizuri, huvua kiatu ili apimwe tu, na ndani yake hukutwa msumari, kokoto, au soksi iliyoloa usaha. Akiulizwa jeraha lilianza lini, hajui. Hakuzembea, wala hafichi. Mguu wake haukumpa habari.

Sukari inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda taratibu, mfano wa soksi inayovutwa. Baadhi ya watu hutanguliwa na dalili za kusumbua: nyayo kuwaka moto usiku, kuchomachoma, au kuhisi kama wanakanyaga pamba. Hali hiyo inapokoma yenyewe, hufurahi wakidhani wamepona. Mara nyingine kukoma huko ni ishara kwamba mishipa imekufa zaidi.

Madhara hayaishii kwenye hisia. Mishipa inayoamuru misuli midogo ya wayo ikidhoofika, vidole hujikunja na uzito wa mwili hukusanyika chini ya mifupa ya mbele ya wayo. Ile inayoongoza jasho ikifa, ngozi hukauka na kupasuka kisiginoni. Penye mgandamizo huota sugu, na chini ya sugu nyama huchubuka na kuvuja damu bila kuonekana. Sugu yenye doa jeusi ndani yake ihesabiwe kuwa kidonda ambacho bado hakijafunguka.

Mengi yanayojulikana kuhusu mguu wenye ganzi hayakuanzia kwenye kisukari bali kwenye ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, aliikuta imani kwamba ukoma wenyewe ndio unaoozesha vidole. Alipowachunguza wagonjwa aliona sababu nyingine: moto wa jikoni, mpini wa jembe, kiatu kinachobana, yaani majeraha ya kila siku ambayo hayakusikika na kwa hiyo hayakutunzwa. Ilipobainika kwamba panya nao walikuwa wakiwatafuna wagonjwa vidole usiku, tiba iliyopatikana ilikuwa paka. Habari hiyo si ya zamani wala ya mbali kama inavyosikika. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas, Janet Lutale na mwenzao walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni.

Kliniki hupima ganzi kwa uzi mgumu wa nailoni ambao hupinda ukigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Pasipo na uzi huo, ncha ya kidole cha mkono yaweza kutumika hata nyumbani. Mgonjwa hulala na kufumba macho. Ndugu humgusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, naye husema kila anapohisi. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, apelekwe kliniki akapimwe kikamilifu. Kosa la kawaida katika kipimo hiki hufanywa na ndugu mwenye huruma, anayegandamiza au kusugua ili mzee asikie.

Kidonda kikishatokea, swali la kwanza la mgonjwa huwa ni dawa gani apake. Swali hilo laeleweka, lakini linaanzia pasipofaa. Mtu mwenye hisia huchechemea na kuupumzisha mguu wenye kidonda. Asiye na hisia hukikanyaga kutwa nzima, na hakuna dawa ya kupaka inayoshinda uzito wa mwili mzima. Kwa hiyo msingi wa tiba ya kidonda cha wayo ni kukiondolea mzigo. Njia inayoaminika zaidi ni plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, inayofungwa kwa ustadi kuanzia vidoleni hadi chini ya goti ili uzito usambae kwenye mguu wote. Vipo pia viatu maalumu vya kuvua na kuvaa, ila udhaifu wake umo katika sifa hiyo hiyo: mgonjwa asiyesikia maumivu huvivua anapokwenda chooni au jikoni, na hatua hizo chache hurudisha nyuma kazi ya siku nzima.

Pamoja na hilo, sugu na nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu, si kwa wembe nyumbani. Dawa za kuua bakteria hutolewa pale tu penye maambukizi, yaani wekundu unaoenea, joto, uvimbe, usaha au harufu. Desturi ya kufungua vidonge na kumwaga unga wake juu ya kidonda haina faida, nayo humzuia muuguzi kuona kilichomo ndani. Mapigo ya damu juu ya wayo lazima yapimwe kabla ya kufunga plasta, kwa maana mguu usiopata damu ya kutosha huweza kuumizwa nayo, na huenda ukahitaji kwanza mishipa ya damu kuzibuliwa.

Hofu ya kukatwa mguu ndiyo huwaweka wengi nyumbani, na kuchelewa huko ndiko kunakoifanya hofu hiyo itimie. Maambukizi yaliyokuwa kwenye kidole kimoja hufuata mishipi ya misuli hadi kisiginoni na kifundoni kwa siku chache. Mguu wenye ganzi ukivimba huku mgonjwa akiwa na homa au kutetemeka, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Lipo tatizo jingine ambalo hata wahudumu wa afya hulipita. Mguu huvimba, huwa mwekundu na wa moto, lakini ngozi haina jeraha na maumivu ni madogo. Aghalabu husemwa mgonjwa ameteguka kifundo, naye hupelekwa kuchuliwa. Kumbe mifupa ya wayo inavunjika na kuachana ndani kwa ndani, hali inayoitwa kwa jina la Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1868. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo yaweza kuonekana nzuri, kwa hiyo joto la ngozi lipimwe: tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi kati ya mguu mmoja na mwingine ni onyo la kutosha. Kuchua na kuendelea kutembea huubomoa upinde wa wayo. Tiba ni hogo na kutoukanyagia mguu huo kwa miezi kadhaa, mpaka joto la miguu yote miwili lilingane.

Kinga ni kazi ya kila siku, na sehemu kubwa hufanyika nyumbani: kutazama nyayo kwa kioo au kwa macho ya mwanafamilia, kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kutotembea peku hata ndani ya nyumba, na kupima maji ya moto kwa kiwiko. Kandambili hazifai, kwa kuwa ukanda wake hukata katikati ya vidole. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe vizuri hapo hapo katikati ya vidole, na mafuta ayapake kwingine.

Kidonda kilichofunga hakimwondoi mtu hatarini. Kati ya watu 100 waliopona, takribani 40 hupata kidonda kingine kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo miongozo ya kimataifa hutaka waonwe kliniki kila baada ya mwezi 1 hadi miezi 3, na katika kila ziara wavue viatu na soksi za miguu yote miwili, ukiwamo ule ambao haujawahi kuwa na kidonda.